Sergei Prokofiev: Sonata Iliyosubiri Miaka Minane

Wengi wanaomfahamu Sergei Prokofiev wanamfahamu kwa hadithi ya watoto ya Petro na mbwa mwitu, ambamo kila mnyama ana chombo chake cha muziki. Aliitunga mwaka 1936. Mwaka huohuo alifanya uamuzi ulioyageuza maisha yake: alirudi na familia yake kuishi Moscow. Katika makala hii tuutazame uamuzi huo, pamoja na sonata mbili za fidla zilizozaliwa baada yake.

Prokofiev alizaliwa Aprili 1891 katika kijiji cha Sontsovka, ambacho leo kiko Ukraine. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyesimamia shamba la tajiri mmoja. Mama yake alimfundisha piano. Alipokuwa na miaka 13 tu alipokelewa katika chuo cha muziki cha St. Petersburg. Mwaka 1918, baada ya mapinduzi, aliondoka Urusi. Aliishi Marekani, Ujerumani na hatimaye Ufaransa. Alimwoa Lina, mwimbaji mzaliwa wa Hispania, wakapata watoto wawili wa kiume.

Ughaibuni hakuwa na shida ya mkate, bali nyumbani palimvuta. Serikali ya Kisovyeti nayo ilimpa kazi za kutunga na kumpokea kwa heshima kila alipozuru. Wahenga walisema mtu kwao ndio ngao. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1936, kabla hajahamia, gazeti la chama tawala lilikuwa limemshambulia vikali mtunzi mwenzake, Dmitri Shostakovich, kwa sababu ya opera yake. Dalili zilikuwepo. Prokofiev aliendelea na safari yake.

Mwaka 1938 alikwenda nje ya nchi kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo hakuruhusiwa tena. Mwaka huohuo alianza kuandika sonata ya fidla na piano. Sonata ni utunzi wa vyombo, usio na maneno, wenye sehemu tatu au nne. Kwa kuwa haina maneno, ni vigumu kwa mkaguzi kuonyesha mstari wenye kosa.

Juni 1939 alikamatwa rafiki yake, Vsevolod Meyerhold, aliyekuwa akiiandaa opera mpya ya Prokofiev kwa ajili ya jukwaa. Wiki chache baadaye mke wa Meyerhold aliuawa nyumbani kwake. Februari 1940 Meyerhold mwenyewe alipigwa risasi. Katikati ya matukio hayo, mwishoni mwa 1939, Prokofiev alitoa utunzi wa kwaya na okestra kumsifu Stalin alipotimiza miaka 60. Utunzi wa sifa ulimalizika kwa wakati, sonata ikabaki bila kumalizika.

Vita vilipofika Urusi mwaka 1941, wasanii wengi walihamishiwa mbali. Prokofiev alipita Nalchik, Tbilisi, Alma-Ata na Perm. Wakati huo alikuwa ameachana na Lina na kuishi na Mira Mendelson. Huko uhamishoni aliandika sonata ya filimbi yenye mwanga na utulivu, akaimaliza mwaka 1943. Mpiga fidla David Oistrakh aliipenda, akamwomba aigeuze iwe ya fidla. Ikachezwa hivyo mwaka 1944 na kuitwa Sonata ya Pili, ingawa ilisikika kabla ya ile ya Kwanza, ambayo ilianzwa mapema na kuchelewa kumalizika.

Ya Kwanza ilikamilika mwaka 1946, baada ya miaka minane. Oistrakh na mpiga piano Lev Oborin waliicheza Moscow mwezi Oktoba. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza, fidla hukimbia juu na chini kwa sauti iliyofifishwa, huku piano ikipiga polepole kama kengele. Mtunzi aliifananisha sauti hiyo na upepo wa makaburini. Upepo huo hurudi tena mwishoni mwa sehemu ya nne. Haukutajwa kuwa wa makaburi ya nani. Mwaka 1947 serikali ileile iliipa sonata hiyo Tuzo ya Stalin.

Tuzo hiyo haikuwa ngao. Februari 10, 1948, chama kilitoa azimio la kumlaani Prokofiev, Shostakovich na wengine kwamba muziki wao haukuwa wa umma. Prokofiev aliandika barua ya kukubali lawama. Siku kumi baada ya azimio, Lina alikamatwa, akahukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu kambini. Aliachiwa mwaka 1956, Prokofiev akiwa amekwisha kufa.

Alifariki Machi 5, 1953, siku aliyokufa Stalin. Umati ulijaza mitaa karibu na nyumba yake, maua yakawa haba, na waliomzika walikuwa wachache. Katika mazishi hayo Oistrakh alicheza sehemu ya kwanza na ya tatu za Sonata ya Kwanza.

Je, tumhukumu vipi? Si haki kuigeuza sonata kuwa cheti cha kumtakasa, kwa maana sifa alizomwimbia mtawala alizitunga yeye mwenyewe, kwa kalamu yake. Wala si haki kusema kwamba woga uliizima dhamiri yake. Mtu aliyeufunga mdomo wake aliendelea kwa miaka minane kutafuta sauti ya kuwalilia wafu, na hakuiacha kazi hiyo ingawa angeweza kuiacha bila mtu kumuuliza. Anayetaka kujipimia asikilize tungo hizo mbili siku moja: kwanza ile ya sifa ya mwaka 1939, kisha sonata.