Karume: Aliijengea Zanzibar Amaan, akaifungia ngumi

Siku ya watani wa jadi, Kanga nayo hugawanyika. Huku nyekundu, huku njano na kijani, na kelele zinafika mpaka minazini. Kijiji kiko kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, mbali kabisa na Kariakoo, lakini ubishi ni uleule.

Wachache kati ya wanaobishana pale wanajua kwamba klabu zote mbili zimepitia mikononi mwa mzee mmoja wa Unguja. Na mzee huyohuyo, kama Mafia ingekuwa upande wake wa mpaka, basi kijana wa Kanga asingeruhusiwa kuvaa glovu za ngumi mpaka juzijuzi tu, mwaka 2022.

Mzee mwenyewe ni Abeid Amani Karume.

Kumbukumbu rasmi zinasema alizaliwa Mwera, Unguja, 4 Agosti 1905. Shule hakwenda nayo mbali. Akiwa kijana akaingia melini, akazunguka bandari za dunia kama baharia, na aliporudi nyumbani akajikita kwenye kazi ya boti za kuvusha abiria kutoka kwenye meli zilizotia nanga. Ndiyo kazi iliyomjenga. Bandarini alijuana na kila mtu: makuli, wachuuzi, mabaharia, watu wa Ng'ambo walioishi nje ya Mji Mkongwe.

Zanzibar ya miaka ile, klabu ya mpira haikuwa klabu ya mpira tu. Timu zilifuata mtaa, kazi na asili ya mtu, na viwanja vya Mnazi Mmoja vilikuwa mahali ambapo watu wasiokuwa na sauti serikalini walipata pa kupiga kelele. African Association, chama alichokuja kukiongoza Karume, kilianza 1934 kikiwa na undugu wa karibu na klabu ya African Sports. Yaani siasa zake zilinukia jasho la jezi tangu mwanzo.

Februari 1957 chama hicho kiliungana na Washirazi ikazaliwa Afro-Shirazi Party. Julai mwaka huohuo Karume akamwangusha Ali Muhsin kwenye uchaguzi jimbo la Ng'ambo, matokeo yaliyowashtua wengi, maana Ali Muhsin alikuwa msomi na mzungumzaji hodari, na huyu alikuwa baharia. Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, Sultani Jamshid akaondoka kwa meli, na Karume akawa Rais. Aprili 26 visiwa vikaungana na Tanganyika, akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Mwaka huohuo wa 1964 ngumi zikapigwa marufuku Zanzibar.

Sababu inayosimuliwa zaidi visiwani ni kwamba mzee hakuuona kuwa mchezo. Aliona watu wawili wanaumizana, wengine wamekaa pembeni wanashangilia. Kwa mtu aliyetoka kuongoza nchi iliyomwaga damu mitaani mwaka huohuo, si ajabu akachukia kuona ngumi zinageuzwa burudani. Kuna na upande mwingine, nao haupendezi. Utawala wa Karume haukuwa wa kujadiliana. Uchaguzi hakuitisha hata mmoja mpaka anakufa, watu walifungwa bila kufikishwa mahakamani, na neno lake lilikuwa sheria. Mabondia hawakuwa na pa kukata rufaa.

Ila marufuku yenyewe ukiichunguza ina vichekesho vyake. Makunduchi, kila Julai kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wanachapana kwa mashina ya migomba mchana kweupe, mila inaendelea na hakuna aliyeifuta. Baadaye judo ikaingia Unguja na kushamiri, vijana wakabebana na kubwagana chini, wakarudi na vikombe. Kumwangusha mwenzio ruksa, kumpiga konde marufuku!

Kufutwa kwa mchezo si jambo la Zanzibar peke yake. Marekani vyuo vikuu vingi vimefuta timu zao za mieleka, vikiwamo vyenye majina kama UCLA na Syracuse. Kule watu wanagombana juu ya sababu. Wapo wanaoilaumu sheria ya 1972 inayotaka wanawake wapate nafasi sawa na wanaume vyuoni, wapo wanaosema sheria inasingiziwa tu, kwamba mpira wa Kimarekani ndio unaomeza bajeti na wakubwa hawataki kuugusa, kwa hiyo kisu kinaangukia mchezo usioingiza viingilio. Unguja hakukuwa na hesabu ya viingilio. Lakini kitu kimoja kinafanana: mchezo wa watu wengi ulibaki na kupewa kila kitu, mchezo wa watu wachache ukakatwa, na waliokuwa wakiucheza hawakuulizwa.

Maana kwenye soka, mzee alimwaga mali. Mwaka 1970 Uwanja wa Amaan ulifunguliwa, umejengwa kwa msaada wa China, na kwa zama zile visiwani hapakuwa na kitu kama hicho. Bara nako mkono wake ulifika. Wazee wa Yanga wanamkumbuka kwa msaada uliowawezesha kupata jengo lao la Jangwani. Upande wa pili, Sunderland ilipoacha jina la Kiingereza na kuitwa Simba mwaka 1971, ushauri wa kubadili ulikuwa wake. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Msimbazi na mtu wa Jangwani wanatukanana, jua wana mzee mmoja.

Sasa linganisha na ngumi. Mwaka uleule wa 1970 Amaan ilipofunguliwa, bondia Titus Simba wa Tanzania alifika fainali ya uzito wa kati kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Alipoteza kwa Mwingereza John Conteh, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBC, na akarudi na medali ya fedha. Bendera ilikuwa moja, ya Jamhuri ya Muungano. Lakini kijana wa Michenzani aliyetaka kufuata nyayo za Titus Simba hakuwa na ulingo, hakuwa na kocha, na akijifunza kwao alikuwa anavunja amri. Njia yake ilikuwa kupanda boti kwenda Dar es Salaam.

Hapo ndipo Kanga inapoingia. Michezo si jambo la Muungano, kila upande unajiamulia wake, na Mafia iko Bara. Haikuwa hivyo siku zote. Kisiwa kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1890, kikaingia mikononi mwa Wajerumani pamoja na pwani ya Tanganyika. Watu wa Mafia na wa Unguja wana dini moja, mashua zao ni zilezile, na wameoana tangu enzi. Lakini mpaka uliochorwa na wakubwa wa Ulaya ndio uliokuja kuamua nani anaruhusiwa kurusha konde na nani haruhusiwi. Bondia Michael Yombayomba alipoleta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, mvulana wa Kanga aliweza kuota. Mwenzake wa Nungwi aliota na kuishia hapohapo.

Karume hakuyaona hayo. Jioni ya 7 Aprili 1972, akiwa makao makuu ya chama Kisiwandui anacheza bao na wenzake, walivamia watu wenye silaha wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 66. Amezikwa palepale Kisiwandui, na tarehe ile ni sikukuu ya taifa mpaka leo. Ukienda Ilala, uwanja ambao ofisi za TFF zimekaa kwa miaka mingi unaitwa kwa jina lake.

Amri yake ya ngumi ilidumu kuliko yeye. Aboud Jumbe aliikuta akaiacha. Ali Hassan Mwinyi, Idris Abdul Wakil na Salmin Amour wakaiacha. Akaja mwanawe mwenyewe, Amani Abeid Karume, akakaa Ikulu miaka 10 kuanzia 2000, naye hakuigusa. Dk. Shein vilevile. Marais sita. Ukiwaza vizuri, wengi wao huenda hawakuwa na chuki yoyote na ngumi, ila nani angekuwa wa kwanza kutengua neno la muasisi kwa ajili ya mchezo? Mabondia hawakuwa na kura za kutosha kumtia mtu ujasiri huo.

Aliyetengua ni Rais Hussein Mwinyi, mwaka 2022. Imepita miaka 58. Kijana wa Ng'ambo aliyekuwa na miaka 18 marufuku ilipotangazwa, siku aliporuhusiwa kupanda ulingoni alikuwa na miaka 76.