Daktari Albert Cook: Aliomba, Kisha Akajenga kwa Matofali

Maandiko ya wiki: Mwanzo 41:33-36, Nehemia 4:9, Methali 22:3



Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada, kamati ya ujenzi ilikaa kuzungumza juu ya paa la kanisa letu. Fundi alikuwa ametushauri kwamba kabla mvua ndefu haijaanza tuweke chuma cha kukinga radi, kwa maana jengo liko juu kilimani na hakuna nyumba nyingine iliyo ndefu hapo karibu. Mzee mmoja akasimama akapinga. Ni mtu wa maombi, na mimi namheshimu sana. Alisema kwamba nyumba ya Mungu inalindwa na Mungu mwenyewe, na tukianza kununua vyuma tutakuwa tunawaonyesha majirani kwamba hatuamini tunachohubiri. Wengine waliitikia amina. Jambo likaahirishwa.

Sitaki kumjibu mzee wetu kwa mawazo yangu. Hebu nikusimulie maisha ya mtu aliyempenda Bwana, aliyeomba kuliko wengi wetu, na ambaye radi ilimchomea kazi yake. Kisha wewe mwenyewe upime.

Albert Ruskin Cook alizaliwa tarehe 22 Machi 1870 huko Hampstead, London. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, halafu akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Angeweza kukaa kwao, akatibu matajiri na kuishi vizuri. Lakini alikuwa amempa Yesu maisha yake, na alisikia mzigo wa kwenda mahali pasipo na daktari. Akajitoa kwa chama cha wamisionari cha CMS, na mwaka 1896 akapanda meli kuja Afrika Mashariki.

Wakati huo reli kutoka Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa. Msafara wa Cook ulitembea kwa miguu kutoka pwani mpaka Buganda, zaidi ya kilomita 1,000. Dawa, vyombo vya upasuaji, bandeji, vyote vilibebwa kwa vichwa. Fikiria jambo hilo, mpendwa. Mtu anayesema Mungu ataponya, bado anabeba dawa miezi mitatu porini. Hakuona ugomvi wowote kati ya sanduku la dawa na magoti yaliyopigwa. Katika msafara huohuo alikuwemo nesi mmoja, Katharine Timpson. Mwaka 1900 wawili hao wakafunga ndoa, na tangu hapo ni vigumu kutaja kazi ya mmoja bila ya mwenzake.

Walifika Mengo Februari 1897. Kufikia Mei mwaka huohuo hospitali ilikuwa imefunguliwa kwenye kilima cha Namirembe, ndogo tu, ya vitanda 12. Kabla mwaka haujaisha, askari wa Kisudani waliokuwa wakitumikia serikali ya Waingereza waliasi, vita vikazuka Busoga, na Cook akaenda kutibu majeruhi. Unaona? Miezi michache tu tangu afungue mlango, dharura ya kwanza ikabisha. Kama angengoja vita ndipo aagize bandeji, wangapi wangekufa wakingoja?

Wagonjwa wakawa wengi kuliko vitanda. Mwaka 1900 ikajengwa hospitali kubwa zaidi. Ndugu yake, Daktari Jack Cook, alikuwa ameshafika kumsaidia. Wodini palihubiriwa Injili, watu wakaombewa, wakatibiwa. Ukitafuta nyumba ambayo Mungu angepaswa kuilinda kwa ukuta wa moto, basi ni hiyo.

Mwaka 1902 radi ikaipiga. Hospitali ikaungua.

Sasa simama hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo imani ya wengi wetu ingekwama. Huku kwetu Kericho na Bomet tunazijua radi. Tunajua jinsi wingu linavyopanda mchana, mvua ya mawe inavyochana majani chai mpaka shamba linabaki vijiti, na ngurumo inavyotikisa madirisha. Na radi ikiua mtu, maneno huanza kabla ya matanga kuisha. Huyu atasema ni laana ya ukoo. Yule atasema jirani amemtupia. Mwingine, na huyu huwa ni mlokole, atasema marehemu alikuwa na dhambi ya siri. Je, hospitali ya Mengo ilikuwa na dhambi gani? Mvua hunyeshea wenye haki na wasio haki, Bwana mwenyewe alifundisha hivyo. Na radi huja na mvua hiyohiyo.

Cook hakutafuta mchawi. Hakufunga virago kurudi Uingereza. Alipiga magoti, halafu akaanza kujenga upya, na safari hii kwa matofali. Mwaka 1904 hospitali mpya ikawa imesimama.

Na kuna jambo lingine katika kilima hicho ambalo kila kamati ya ujenzi inapaswa kulijua. Kanisa kuu la Namirembe nalo lilikuwa limejengwa upya miaka hiyohiyo, kuta za matofali, lakini juu wakaweka nyasi. Mwaka 1910 radi ikalipiga, likaungua. Wapendwa, lile lilikuwa kanisa, si klabu ya pombe. Waumini walilia, kisha wakachanga. Hili kanisa kuu lililopo mpaka leo lilimalizwa mwaka 1919, na paa lake ni la vigae. Hakuna aliyesema kwamba vigae ni kukosa imani. Walikuwa wamejifunza kwamba matayarisho ya nusu, ukuta wa matofali na paa la nyasi, ni kama wale wanawali watano waliobeba taa wakaacha mafuta nyumbani.

Lakini ukidhani maandalizi ya Cook yalikuwa ya majengo tu, hujamjua. Maandalizi yake makubwa yalikuwa watu.

Mwaka 1901 yeye na ndugu yake waliona wagonjwa waliokuwa wakisinzia, wanakonda, wanakufa. Walikuwa kati ya watu wa kwanza kutambua kwamba ugonjwa wa malale umeingia Uganda. Walitoa habari. Dawa ya kuuponya haikuwepo, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo ulioenezwa na mbung'o uliua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka Ziwa Victoria. Hapo daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, anaona mwisho wa mikono yake. Mikono miwili haitoshi nchi nzima.

Kwa hiyo akaanza kuzidisha mikono. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Mengo ilipokea majeruhi wengi, na mwaka 1917 Cook akafungua shule ya kuwafundisha vijana Waafrika kazi ya utabibu. Miaka hiyohiyo Katharine aliona jinsi akina mama na watoto wachanga walivyokuwa wakifa kwa kukosa mtu aliyefundishwa karibu nao. Akaanzisha shule ya wakunga. Wasichana wakafundishwa, wakarudishwa vijijini kwenye vituo vidogo vya uzazi, ili mama anaposhikwa na uchungu usiku msaada usiwe mbali. Mume na mke wakaandika pamoja kitabu cha ukunga kwa Kiganda, kusudi elimu isibaki katika lugha ya wageni. Wapo Wazungu waliodhani Mwafrika hawezi kufundishwa kazi hiyo. Familia ya Cook iliwajibu kwa kufundisha.

Huko ndiko kuwaandaa wengine. Hakuwatisha watu kwa habari za mwisho wa dunia. Hakujificha na akiba yake. Alimpa mwenzake ujuzi mkononi.

Tena alikuwa na tabia ya kuandika. Kila mgonjwa aliwekewa kumbukumbu: ugonjwa, dalili, alivyotibiwa, mwisho wake. Kwa macho ya kawaida ni kazi ya kuchosha, hasa usiku baada ya kutwa nzima ya upasuaji. Lakini mwaka 1964, Cook akiwa ameshalala kaburini miaka 13, wataalamu walichapisha uchunguzi wa saratani uliotokana na makaratasi hayo ya Mengo, kuanzia mwaka 1897. Maandishi ya mtu aliyekufa yaliwasaidia madaktari walio hai kuelewa ugonjwa. Yusufu aliweka ghalani sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa ajili ya njaa iliyokuwa bado haijaonekana. Cook aliweka akiba ya karatasi.

Mwaka 1932 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Katharine alitangulia kwa Bwana mwaka 1938. Mzee Cook alibaki Kampala, hakurudi kwao kuzeekea huko, na mwaka 1951 akafa, akazikwa Namirembe, juu ya kilima kilekile ambacho radi ilikipiga mara mbili. Hospitali ya Mengo ingali inatibu watu hadi leo.

Sasa turudi nyumbani.

Mzee wetu alisema kweli moja kubwa: Mungu ndiye mlinzi. Bila Bwana, mlinzi akesha bure, na chuma ni chuma tu. Lakini angalia Nehemia. Adui walipotishia, watu walimwomba Mungu, na tena wakaweka walinzi mchana na usiku. Hawakuchagua moja. Na Methali inatwambia mwenye busara huona hatari ikija akajiweka salama, ila mjinga hupita mbele akaumia. Kwani aliyempa fundi akili ya kujua njia ya radi kwenda ardhini ni nani, kama si Mungu huyohuyo?

Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoteza mwelekeo likaingia kwa magari, bodaboda na watu waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Watu wa kwanza kufika penye ajali kama hizo huwa si madaktari. Ni mimi na wewe: mchuuzi, dereva wa boda, mama aliyetoka kuchuna chai. Swali ni hili: tukifika, mikono yetu itajua la kufanya? Kulia tutalia. Kuomba tutaomba. Lakini kuna mtu anavuja damu, naye anahitaji mtu anayejua kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia.

Basi naomba mambo manne, na yote yanawezekana kabla mvua haijaanza.

La kwanza, ukisikia ngurumo ukiwa shambani, acha kikapu, toka. Usijikinge chini ya mti wa blugamu wala kibanda kilicho wazi. Ingia nyumba nzima au gari lenye paa la chuma, na ukae ndani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Msimamizi ambaye ni mshirika wetu, wewe uwe wa kwanza kuwaondoa watu. Kilo za majani hazilingani na roho ya mtu.

La pili, aliyepigwa na radi hana stima mwilini. Mguse. Wengi wamekufa kwa sababu majirani waliogopa kuwashika. Kama hapumui, bonyeza kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, mwingine akipiga simu. Namba za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandike ukutani, kwa sababu ukiwa na hofu utasahau.

La tatu, vijana wa kanisa wajitolee kufundishwa huduma ya kwanza. Tuna manesi katika ushirika huu wanaofanya kazi hospitalini. Dada zetu, tuzidishieni mikono kama Katharine alivyofanya. Na kila kundi la maombi la nyumbani liwe na sanduku lake dogo: bandeji, glavu, tochi, mkasi, sabuni.

La nne, kila kundi lijue ni nani asiyeweza kukimbia. Shosho anayeishi peke yake, mlemavu, mama aliyejifungua juzi. Mwenye jukumu la kumfikia kwanza atajwe kwa jina leo, wakati jua bado linawaka.

Kamati ya ujenzi itakaa tena Jumapili ijayo baada ya ibada. Mzee wetu ameniahidi atakuja, na mimi nimemwahidi kwamba tutaanza kwa maombi marefu. Halafu tutahesabu pesa za chuma. Njoo na wewe.

Tuombe: Baba, umetuwekea milima mizuri na mvua ya kutosha, na katika mvua hiyo kuna radi. Tunakushukuru kwa mtumishi wako Albert na mkewe Katharine. Tupe imani inayopiga magoti, na mikono iliyo tayari kabla ya saa ya hatari. Kwa jina la Yesu. Amina.