Gracie Fields: Manzi wa Kiwanda Aliyeomoka na Sinema

Kama umewahi kuamka alfajiri Nunguni, ukungu umefunika vilima vya Kilungu, ukaona madem na mabegi wakingoja matatu ya kuwashusha Athi River wakatafute kazi EPZ, basi hii stori utaishika haraka.

Gracie alizaliwa 1898 huko Rochdale, Uingereza, juu ya duka la shosho wake la samaki na chipo. Akiwa bado mtoto alikuwa tayari kwenye kiwanda cha pamba: nusu siku kazi, nusu siku darasani. Hebu waza! Mathe wake ndiye alimsukuma jukwaani, na kufikia miaka ya thelathini alikuwa kati ya wasanii waliokula doh mrefu zaidi Uingereza. Lafudhi ya mtaa hakuitupa.

Sinema ya kusaka ni Sing As We Go ya 1934. Kiwanda kinafungwa, watu wanasota, Grace anapanda baiskeli mpaka Blackpool kutafuta kazi yoyote ile. Anaimba, anachekesha, anafutwa huku, anajaribu kule. Kiwanda kikifunguliwa tena, nani anaongoza umati kuingia? Ni yeye, siku ambazo dem kwenye sinema kazi yake ilikuwa kupendeza na kungoja kuposwa. Ila hapa waliniboo: jamaa anayemmezea mate anachukua dem mwingine. Yaani ukishika usukani, bwana unanyimwa?

Nje ya sinema mambo yalikuwa moto zaidi. Ndoa yake na Archie Pitt ilivunjika. 1939 saratani ikamlaza hospitali, mashabiki wakamwandikia barua kibao. Machi 1940 akaolewa na Monty Banks, Mwitaliano aliyemwongoza kwenye Shipyard Sally. Miezi mitatu tu, Italia ikaingia vitani upande wa Hitler. Monty akibaki Uingereza, anafungiwa kambini. Wewe ungefanya nini? Gracie alichagua mume, wakaenda zao Amerika, na magazeti ya nyumbani yakamchana kama mtoro. Kumbe huko alikuwa akiimba kuchangishia Uingereza pesa, na wanajeshi aliwafuata akawaimbia.

Alikufa Septemba 1979 kisiwani Capri, mwaka uleule aliopewa cheo cha Dame. Mwaka mmoja kabla, alikuwa amerudi Rochdale kufungua ukumbi wa maigizo wenye jina lake.