Rebmann wa Rabai na Isaac Nyondo

Shuleni tunamfundisha Johannes Rebmann kwa sababu ya Kilimanjaro, mlima wenye theluji aliouona mwaka 1848 na wasomi wa Ulaya wakambishia. Sisi wanakwaya tumeona vyema katika jubilii hii kumkumbuka kwa yale yaliyofuata.

Mjerumani huyu alikuja mwaka 1846 kuungana na Krapf, aliyekuwa amefiwa na mke na mtoto mchanga pale Mombasa. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki Rabai na mkewe Emma, naye Emma akafariki mwaka 1866. Aliendelea peke yake na kamusi zake, macho yakififia hadi akawa kipofu. Waumini walikuwa wachache mno. Hata sisi siku ya mazoezi yenye mvua huenda tunawazidi.

Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, Mkristo wa hapo Rabai. Mwaka 1875 alipanda naye meli, akamwongoza safari yote hadi Ulaya. Rebmann alikwenda kukaa Korntal, Ujerumani, karibu na Krapf, rafiki yake wa zamani. Huko ndiko alikofariki mwaka 1876.

Vitabu tulivyosomea havikumtaja Nyondo, ndiyo maana jina lake tumeliweka juu pamoja na la Rebmann.