Kamante na Lugha ya Jikoni

Majuzi, katika kibanda cha nyama choma hapa Gatina, mwanafunzi mmoja anayesomea kazi za hoteli alinitolea hoja iliyonikera. Alikuwa amefunzwa kwamba divai nyekundu nzito ya Ufaransa huandamana na nyama yenye mafuta. Akashikilia kuwa jambo hilo haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili. Nilimjibu kwa kumsimulia maisha ya Kamante Gatura.

Kamante alikuwa mtoto wa Kikuyu katika shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyewasili Kenya mwaka 1914. Shamba hilo lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, si mbali na Gatina. Blixen alimkuta akichunga mbuzi, miguu imejaa vidonda. Dawa zake ziliposhindwa, alimpeleka katika hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu, naye akarudi amepona. Kwanza alitunza mbwa, kisha akasaidia kuwauguza wagonjwa, na mpishi wa awali alipofariki, jiko likawa lake.

Kamante hakujua kusoma, wala Kiingereza hakukijua. Vitabu vya mapishi havikumfaa kitu. Yeye na mwajiri wake walielewana kwa Kiswahili. Kila pishi alilofunzwa alilipa jina la tukio la siku ile: mchuzi mmoja ukaitwa kwa radi iliyopiga mti, mwingine kwa farasi wa kijivu aliyekufa. Marafiki wa Blixen, Denys Finch Hatton na Berkeley Cole, walileta divai nzuri mezani, na chakula cha kuandamana nayo kilitoka mikononi mwa Kamante. Mwaka 1928 hata mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza alikula pale na kuusifu mchuzi. Ajabu ni kwamba mpishi mwenyewe hakuvutiwa na vyakula hivyo. Kwake yeye, tunu ilikuwa kiazi kitamu cha kuchoma au kipande cha mafuta ya kondoo.

Sasa turudi kwenye divai. Maganda na mbegu za zabibu zina kitu kiitwacho tanini, ambacho hushikana na protini za mate na kuufanya ulimi ukauke na kukwaruza. Je, hali hiyo haina jina? Inalo: ni ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi. Protini na mafuta ya nyama huupunguza ukakasi huo, kama vile maziwa yanavyoilainisha chai kali. Kila mama auzaye chai hapa Gatina anaijua kanuni hii, ingawa hajawahi kuionja divai yenyewe.

Kahawa ilipokosa kustawi, Blixen aliondoka Kenya mwaka 1931. Mwaka 1950 alichapisha hadithi ya Babette, mpishi Mfaransa anayewaandalia wanakijiji wacha Mungu karamu ya ndege aina ya kware kwa divai nyekundu ya Clos de Vougeot. Wanakijiji hao walikuwa wameapa kutotamka neno lolote kuhusu chakula. Wakala, wakanywa, wakanyamaza.

Nikitazama madarasa yetu, nawaona wanakijiji wale. Ladha tunazo, maneno tunayo, lakini tumekula yamini kwamba mambo ya adhimu hayasemwi kwa Kiswahili. Lakini takriban miaka 100 iliyopita, mapishi ya Ulaya yalifunzwa kwa lugha hii hii, yakahifadhiwa kichwani mwa kijana asiyejua kusoma, na mezani wakaketi wakuu wa dunia.

Kamante alifariki mwaka 1985. Walimu wenzangu, kabla ya kumwambia mwanafunzi kwamba Kiswahili hakina neno, tuingie jikoni kwanza tukaulize. Yule kijana wa kibandani alitoa daftari akaandika neno moja: ukakasi. Ndipo nyama yetu ikaletwa.