Bwanikwa wa Bunkeya, mama aliyejilipia bei yake mwenyewe

Bunkeya tunaijua wote. Iko katika jimbo letu la Lualaba, teritware ya Lubudi, na kila tarehe 20 Desemba watu wanajaa pale kumukumbuka mwami Msiri, aliyeuawa siku ile mwaka 1891 na watu wa kapiteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya mfalme Leopold. Leo nataka kuongea juu ya mutu mwingine aliyepita Bunkeya, mama mumoja asiye na kiti cha ufalme. Jina lake Bwanikwa.

Alizaliwa kwa Baluba. Alipokuwa angali mtoto, muke mukubwa wa baba yake alifariki, na jamaa ya marehemu wakadai malipo ya kifo. Hawakutaka mbuzi, walitaka watu. Watumwa wa baba hawakutosha hesabu. Basi akamutoa binti yake kujaza pengo. Pale njo safari zake zilianza, na hakuna hata moja aliyoichagua.

Toka mkono huu mpaka mkono ule, akafika Bunkeya. Siku zile ilikuwa muji mukubwa wa biashara. Shaba, chumvi, pembe za tembo na watu vilitoka pale kwenda magharibi mpaka Benguela, na mashariki mpaka pwani ya Zanzibar. Vikarudi bunduki, baruti na vitambaa. Wenye kulima kwa kulisha ule muji wote walikuwa zaidi wanawake, na wengi wao walinunuliwa. Mwaka 1886 akaingia Frederick Arnot, Muskoti, ametoka Benguela. Nyuma yake wakaja wamisionere wengine, kati yao Dan Crawford. Njo hivi Neno la Mungu lilifika Garenganze.

Msiri alipokufa, njaa ikashika inchi na watu wakatawanyika. Bwanikwa akauzwa tena, na tena. Mumisionere Dugald Campbell, aliyemusikiliza akisimulia maisha yake, alihesabu mara kumi. Kwetu kwenye mine, wafanyakazi wanapitishwa toka kampuni hii mpaka ile kama jembe, hakuna wa kuwauliza. Tunalalamika, na ni haki yetu. Lakini sisi jioni tunarudi kwetu. Yeye kwao hakukuwa tena.

Mwishoni alinunuliwa na Kawimbe, akawa muke wake. Kawimbe naye alikuwa mutu wa misioni. Walikaa Mambilima, kwenye muto Luapula, upande ambao leo ni Zambia, na Bwanikwa akawa mwamini, mama wa kanisa. Wengi wangemalizia hadithi hapa: mutumwa amepata bwana, amepata Mungu, amepumzika.

Yeye hakuona hivyo. Alijua kwamba bei ya kumununua ilikuwa ingali juu ya kichwa chake. Muke aliyenunuliwa hana wajomba wa kumutetea kukiwa ugomvi. Mume akifa, anarithiwa pamoja na vyombo. Kubatizwa hakufuti ile deni machoni pa watu wa kijiji, hata kama pasta anahubiri vizuri. Basi Bwanikwa akafanya kazi, akaweka akiba kidogo kidogo, kisha akamulipa mume wake bei yake yeye mwenyewe. Hii ilikuwa mbele ya vita ya 1914.

Kuna ndugu wa kanisa niliyemuelezea jambo hili. Akasema ilikuwa kiburi, juu ya mume Mukristo angemuachilia bure kama angeombwa. Inawezekana. Lakini mimi nimeona mara mingi kazini: kile mukubwa amekupa kwa huruma, kesho akikasirika anakumbusha kwamba ni yeye alikupa. Malipo yanafunga mulango. Na tuulize pia: Kawimbe, mutu wa sala, kwa nini alipokea?

Campbell aliandika maisha ya Bwanikwa kwa Kiingereza, na kitabu kilitoka mwaka 1916. Kwa hiyo watu wa Ulaya walimusoma mama huyu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kolwezi hapa nimeuliza wamama wanaoosha mawe, nikauliza walimu wawili na muzee mumoja wa kanisa. Msiri wote walimujua. Jina la Bwanikwa muzee peke yake alilisikia, na yeye alifikiri ni jina la muto.