Ibn Battuta, msafiri aliyepotezana na wenzake

Likitajwa jina la Ibn Battuta hapa pwani, la kwanza tunalokumbuka ni ule usiku mmoja aliolala Mombasa mwaka 1331. Twapenda kusimulia alivyotusifu: watu wa dini, wafuasi wa Imam Shafi, misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, ndizi na samaki, na waumini wanaoosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia kuswali. Ni sifa njema na tuna haki ya kuzijivunia. Lakini mtu yule alizunguka dunia karibu miaka 29, na sisi tumemshika kwa usiku mmoja tu. Mengine aliyoyapitia wengi wetu hatuyajui, hasa zile siku alizojikuta peke yake ugenini, wenzake hawaoni, njia haijui.

Tunayoyajua yametoka katika kitabu alichomsimulia mwandishi Ibn Juzayy mjini Fez, kilichokamilika mwaka 1355. Wanazuoni bado wabishana juu ya sehemu zake, hasa safari ya China. Mabishano hayo nawaachia wenyewe. Mambo nitakayoyataja hapa si ya kujisifu nayo, na mtu hatungi uongo wa kujiaibisha.

Alizaliwa Tangier, Morocco, Februari 1304, katika ukoo wa watu wa sheria. Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliondoka kwenda kuhiji. Hakuwa na rafiki wa kufuatana naye wala msafara wa kujiunga nao. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuagana nao kulimuuma.

Njiani alipata wasafiri wa kuandamana nao, lakini kabla ya kufika Tunis homa ikamshika. Alikuwa dhaifu hata akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka, kwa kuwa njia ilikuwa ya hatari na hakuweza kushuka. Walipofika, watu wa mji walitoka kuwalaki jamaa zao. Huyu aamkiwa, yule akumbatiwa. Yeye hakuna aliyemjua, basi akalia. Hujaji mmoja akamwona, akamwendea, akamsalimia na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini. Aliyewahi kushuka uwanja wa ndege wa nchi ya watu, akaona kila mtu ana wa kumpokea isipokuwa yeye, atayaelewa machozi hayo.

Misri alilala kwenye zawiya ya sheikh mmoja aitwaye al-Murshidi, akaota amebebwa na ndege mkubwa akapelekwa mbali sana mashariki. Sheikh akamfasiria: atahiji, atafika Yemen na Iraq na nchi za Waturuki, kisha India, na huko atakaa muda mrefu. Huko pia, sheikh akasema, atakutana na ndugu yake aitwaye Dilshad, ambaye atamwokoa katika shida. Msomaji, lishike jina hilo.

Baada ya kuondoka kwetu, Mombasa na Kilwa, alipanda tena jahazi hadi Dhofar, na kutoka hapo akafika Sur, Oman. Kutoka bandarini aliuona mji wa Qalhat mbele yake, ukionekana karibu kabisa. Akaamua kwenda kwa miguu, akawaacha wenzake chomboni na mizigo. Alifuatana na Mhindi mmoja aitwaye Khidr na kiongozi wa kuwaonyesha njia, mmoja wa mabaharia. Ni kosa ambalo kila msafiri amelifanya: jambo laonekana karibu, basi mtu adhani liko karibu.

Kiongozi yule alikuwa na nia nyingine. Alikuwa amebeba nguo za Ibn Battuta, na walipofika kwenye mkono wa bahari alitaka kuwavusha mahali penye kina. Ibn Battuta alikataa, kisha akawaona watu wengine wakivuka pale kwa kuogelea. Akajua walitakiwa wazame, nguo ziende. Tangu hapo hakuuacha mkuki wake. Wakapita nyika isiyo na maji, kiu ikawakaba mpaka mpanda farasi mmoja akawanywesha. Usiku ukawakuta njiani, Khidr yu mgonjwa. Ibn Battuta alikesha na mkuki mkononi akimlinda mgonjwa na kumchunga kiongozi. Kesho yake aliingia Qalhat miguu imevimba ndani ya viatu, damu ikikaribia kutoka chini ya kucha. Amiri wa mji akamkaribisha, akakaa kwake siku sita, kwa kuwa hakuweza kusimama.

Hiyo ilikuwa ndogo.

Delhi alifika, akapewa ukadhi na Sultani Muhammad bin Tughluq, akakaa miaka kama minane. Mwaka 743 Hijria, yaani 1342, sultani alimtuma China kama balozi, na zawadi za kumpelekea mfalme wa huko: farasi 100, watumwa, nguo za thamani, na askari 1000 wa farasi kuwasindikiza. Kwa msafara kama huo nani angefikiri mtu anaweza kupotea?

Walipofika Koil, mji ambao leo waitwa Aligarh, walikuta waasi wameuzingira mji jirani, wakaenda kupigana nao. Baada ya hapo mashambulizi madogo yakawa ya kila siku. Siku moja Ibn Battuta na wenzake walikuwa bustanini wakipumzika joto la adhuhuri, wakasikia ukelele, wakapanda farasi na kufukuza. Katika kufukuza wakatawanyika, akabaki na watu watano. Ghafla wakatokezewa na kundi kubwa kutoka kichakani, na hapo kila mtu akakimbia lake. Miguu ya mbele ya farasi wake ilikwama kwenye mawe, akashuka, akainasua. Upanga wake wenye dhahabu ukaanguka. Akashuka tena kuuokota, na adui nyuma yake! Akaingia kwenye korongo refu, na alipotoka upande wa pili hakuna aliyemwona, rafiki wala adui.

Akadhani amepona. Kumbe mbele kulikuwa na watu kama 40 wenye pinde. Alijisalimisha. Wakamvua vitu vyake, wakambakishia nguo za mwilini, kisha wakamkabidhi kwa watu watatu wa kumuua: mzee mmoja, mwanawe, na mtu mwingine. Usiku ule yule wa tatu akapandwa na homa. Kesho yake Ibn Battuta akawa anambembeleza mzee, na moyo wa mzee ukalainika. Hatimaye kijana mmoja akamwachilia, wakabadilishana nguo, yeye akabaki na kuukuu, akaonyeshwa njia.

Hapo ndipo upotevu wenyewe ulipoanza. Hakujua Koil iko upande gani. Mchana alijificha vichakani, usiku akatembea. Alikula kunazi na mikono ikachanwa na miiba. Alikula majani ya haradali na ya figili. Aliona wapanda farasi wenye silaha akajilaza katikati ya shamba la pamba mpaka wakapita. Usiku mmoja alilala ndani ya mtungi mkubwa wa nafaka uliotoboka, na ndege mmoja akawa apiga mabawa juu yake usiku kucha, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Alifika kijijini akaomba chakula, wakamnyima.

Siku ya nane kiu ilimfikisha mwisho. Akapata kisima chenye kamba lakini hakina ndoo. Alifunga kitambaa cha kichwani, akakitumbukiza na kufyonza maji. Hayakutosha. Akafunga kiatu chake cha ngozi, akachota, akanywa. Mara ya pili kamba ikakatika, kiatu kikazama. Akafunga cha pili, akanywa mpaka akashiba. Alikuwa akikikata kiatu hicho apate vipande vya kujifunga miguuni, mara akaona mtu mweusi amesimama, ana birika mkononi, fimbo na mfuko begani. Mtu yule akatoa salamu ya Kiislamu.

Baada ya siku nane za kukimbia kila kivuli, hiyo salamu ilikuwa chakula tosha. Mtu yule akamuuliza kwa Kiajemi yeye ni nani, akajibu kwamba amepotea. Yule naye akasema amepotea vilevile. Akachota maji, akatoa dengu za kukaanga na wali kidogo, wakala. Wakatia udhu, wakaswali. Walipoanza kutembea Ibn Battuta alishindwa, magoti hayamchukui. Mtu yule akamwambia alete dhikri ya Hasbunallah asiache, akampandisha mgongoni. Ibn Battuta akawa aleta dhikri mpaka usingizi ukamchukua. Alipogutuka alikuwa chini, katika kijiji chenye watu, na aliyembeba hayupo.

Jina lake alikuwa amemtajia, maana yake moyo wenye furaha. Kwa Kiajemi hilo ndilo Dilshad.

Ibn Battuta aliamini kuwa yule alikuwa walii, na wako kati yetu watakaoamini hivyo bila shida. Mwengine atasema ni msafiri maskini aliyepita njia. Nionavyo mimi, waliosoma kisa hiki wanajishughulisha mno na jina na kusahau mgongo. Mtu aliyekiri kuwa yeye mwenyewe amepotea alimbeba mgeni asiyemjua, hakungoja kushukuriwa.

Mkuu wa kijiji kile alikuwa Mwislamu. Akamlisha chakula moto, akaoga, kisha akaletewa nguo na kilemba ambavyo Mwarabu mmoja wa Misri kutoka kambi ya Koil aliviacha pale. Zilikuwa nguo zake mwenyewe, alizompa Mwarabu yule siku walipofika Koil.

Wenzake aliwapata, na safari ikaendelea hadi Calicut, ambako aliachana nao kwa namna mbaya zaidi. Mizigo, zawadi na watu walikuwa wamekwisha pakiwa kwenye vyombo vya Kichina. Yeye alibaki nchi kavu ili aswali Ijumaa. Usiku bahari ikachafuka. Chombo kikubwa kikavunjika, na wakuu wenzake wa msafara wakafa. Chombo kidogo chenye mali yake, marafiki zake na vijakazi wake, mmoja akiwa na mimba yake, kilitweka tanga kikaenda zake. Alibaki pwani na dinari kumi na busati. Mtumwa aliyekuwa amemwacha huru naye akamkimbia. Alikwenda mpaka Kollam akitumai chombo kitatia nanga huko. Baadaye sana akapata habari kwamba mali imechukuliwa na mfalme wa nchi ya mbali, wenzake wametawanyika, na yule mwanamke amefariki.

Hapa sitamsafisha. Wanawake wale walikuwa chomboni kwa amri yake, si kwa hiari yao, na kitabu kizima hakituambii mmoja wao aliwaza nini tanga lilipofunguliwa. Wake na watoto aliowaacha katika miji mbalimbali ni wengi. Mwaka 1348 alirudi Damascus akaulizia mtoto wa kiume aliyemwacha tumboni mwa mamake. Akaambiwa amekufa miaka 12 iliyopita. Hapo hapo akaambiwa babake amefariki miaka 15 nyuma, na mamake yu hai. Aliharakisha kurudi. Akiwa Taza, karibu kabisa na Fez, akapata habari kuwa tauni imemchukua mamake. Alipofika Tangier alizuru kaburi.

Huko China, katikati ya watu asiowajua, alikuwa amekutana na mtu wa Ceuta, mji jirani na kwao, aitwaye al-Bushri. Walitambuana, wakalia wote wawili. Miaka ikapita. Alipokuwa akijitayarisha kuvuka jangwa kwenda Mali, mwaka 1352, alifikia Sijilmasa kwa mwanachuoni mmoja aliyemkaribisha nyumbani kwake na kumkirimu. Mwenyeji huyo alikuwa ndugu yake al-Bushri wa China.